Damu Inayosomwa Kama Kitabu

Kijana akituambia kwamba amekwenda chuo kikuu kusoma bioinformatiki, wazee wengi wanamtazama tu. Uganga tunaujua, sheria tunaijua, ufundi wa madini tunaujua sana. Lakini elimu hii ni ya namna gani? Mwenye kuisoma anakaa kutwa mbele ya kompyuta akilinganisha herufi. Basi, wasomaji wapenzi, tuone herufi hizo zinatoka wapi, na kwa nini sehemu ya historia ya Kongo imeandikwa kwa herufi hizo.

Ndani ya kila kiumbe chenye uhai Mwenyezi Mungu ametia maandishi. Wenye elimu wanayaita ADN. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanasema DNA. Herufi zake ni nne tu, A, C, G na T, lakini maandishi ya mtu mmoja yana herufi karibu bilioni tatu. Aliyetangulia kuona sheria za urithi alikuwa mtawa, Gregor Mendel wa shirika la Mtakatifu Augustino, katika monasteri ya Brno. Alipanda njegere, akahesabu mbegu zake miaka na miaka, akatangaza matokeo mwaka 1865. Karibu hakuna aliyemjali mpaka 1900, naye alikwisha kufa tangu 1884. Umbo la ADN lilijulikana mwaka 1953. Mwaka 1965 mama mmoja wa Marekani, Margaret Dayhoff, pamoja na wenzake, alitoa kitabu chenye orodha ya protini 65, naye alikuwa ametumia kompyuta kuzichunguza. Tena mwaka 1977 Frederick Sanger wa Cambridge akavumbua njia bora ya kusoma herufi za ADN, na tangu hapo zikawa nyingi kupita nguvu za macho na kalamu.

Kazi yenyewe ya kulinganisha si ngeni kwa Kanisa. Kabla ya kuwako mashini za kupiga chapa, watawa walinakili Maandiko Matakatifu kwa mkono, na kila mnakili alikosea hapa na pale. Tufanye mfano wa kwetu. Katekista mmoja ananakili kitabu cha nyimbo, naye mahali pa «mtoto» anaandika «moto». Wote watakaonakili kutoka daftari lake wataandika «moto» vilevile, tena kila mmoja ataongeza makosa yake mwenyewe. Baada ya miaka mingi, tukiyakusanya madaftari ya parokia zote, makosa hayohayo yatatuonyesha daftari lipi ni mzazi na lipi ni mtoto. Na kama tunajua wanakili hukosea mara ngapi kwa mwaka, tutaweza kukadiria daftari la kwanza liliandikwa lini. Virusi vya magonjwa navyo hujinakili na kukosea. Maandishi ya vingi vyao si ADN bali ni ndugu yake, ARN, lakini njia ya kuyalinganisha ni ileile. Kwa hiyo mwanafunzi wa elimu hii hujifunza mambo matatu pamoja: uhai wa viumbe, hesabu za makadirio, na kuamuru kompyuta.

Sasa twende Leopoldville. Mwaka 1959 mganga Mmarekani, Arno Motulsky, alikuja Kongo kukusanya damu kwa ajili ya uchunguzi wa urithi na malaria. Damu hiyo ikawekwa katika baridi. Katika miaka ya 1980, wakati dunia yote ilipokuwa imeshikwa na hofu ya sida, ndio ukimwi, ilipimwa tena, na chupa moja, ya mwanaume wa Leopoldville, ikaonekana kuwa na virusi hivyo. Vipande vya maandishi yake vilitangazwa mwaka 1998. Miaka kumi baadaye, mwaka 2008, vikatangazwa vipande vingine, kutoka tezi ya mwanamke wa mji uleule. Tezi hiyo ilikatwa mwaka 1960 ikahifadhiwa ndani ya nta, na nta hiyo ilikuwa ingali inatunzwa katika Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Watu wawili wa mji mmoja, mwaka mmoja tu kati yao, lakini herufi za virusi vyao zilitofautiana sana! Makosa mengi namna hiyo hayapatikani kwa siku chache. Michael Worobey na wenzake walipiga hesabu, wakaona kwamba mzazi wa virusi hivyo aliishi karibu na mwaka 1908, ama kati ya 1884 na 1924. Basi ugonjwa uliotambuliwa na waganga wa Marekani mwaka 1981 ulikuwa umekwisha kukaa kati ya watu miaka mingi bila jina. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2014 ukaonyesha njia zake: kutoka Kinshasa ulifika mapema Mbuji-Mayi na Lubumbashi, ambako reli iliwachukua watu wengi, na baadaye Kisangani. Hakuna karani wa serikali aliyeyaandika mambo hayo. Lakini tuangalie jambo moja: damu ilitoka kwetu, na herufi zilisomwa ng'ambo.

Ndivyo ilivyokuwa pia Yambuku mwaka 1976, siku ambazo nchi iliitwa Zaire. Mganga kijana, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa huko, akatoa damu ya wagonjwa bila mipira ya mikono. Katika hospitali ya misheni sindano tano tu zilitolewa kila asubuhi kwa wagonjwa wote, nazo zilieneza ugonjwa. Lazima tuseme hivyo, ingawa masista walioitumikia hospitali hiyo walikufa pamoja na wagonjwa wao. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Huko Kinshasa akafa mwuguzi kijana, Mayinga N'Seka, aliyekuwa amemhudumia sista mgonjwa. Damu ya sista ilitiwa ndani ya termosi, ikapelekwa Antwerpen kwa ndege ya abiria, na huko virusi virefu kama uzi vikaonekana. Vikapewa jina la mto Ebola.

Muyembe hakusahau safari ile ya termosi. Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, yeye alikuwa mkuu wa INRB, nyumba ya taifa ya uchunguzi wa magonjwa huko Kinshasa. Akaamua damu ibaki Kongo. Mwenye kutaka kuichunguza aje hapa. Mpaka Juni 2020 walihesabiwa wagonjwa 3,470, na waliokufa 2,287, na Wakongo wenyewe walisoma maandishi ya virusi vya mamia ya wagonjwa hao.

Faida yake ilionekana kwa mtu mmoja. Aliugua mwaka 2019, akatibiwa, akapona, akarudi nyumbani. Baada ya miezi sita hivi akaugua tena, akafa, na kutoka kwake wakaambukizwa wengine, mpaka mnyororo ukafika watu 91. Je, alikuwa ameambukizwa upya na jirani? Placide Mbala-Kingebeni na wenzake walilinganisha herufi: virusi vya ugonjwa wa pili vilikuwa wazao wa vile vya kwanza vya mtu yuleyule. Vilikuwa vimejificha mwilini. Habari hii ni nzito, kwa kuwa wengi waliopona walikwisha kukataliwa na majirani, na wengine sasa watapata kisingizio kipya. Kumbe jambo hilo hutokea mara chache sana, na dawa yake ni kumwangalia aliyepona kwa miezi mingi, kumpima, na kumtunza. Tusingejua hivyo kwa kuhisi tu.

Mwanafunzi anayeanza kazi hiyo leo, awe Kinshasa au Ulaya, hupewa kwanza maandishi ya msingi ili alinganishe nayo mengine yote. Kwa Ebola ni yale ya mwaka 1976, herufi karibu 19,000. Katika orodha za dunia yote yameandikwa kwa jina la Mayinga.