MASHINE YA FIGO, SEHEMU YA 3: MLANGO WA DAMU

Juzi niliishia kwa Dk. Willem Kolff, yule Mholanzi wa mji wa Kampen aliyetengeneza mashine ya kusafisha damu mwaka 1943, vita imepamba moto, kwa mirija ya sellofani ya kufungia soseji. Mkaniuliza: mbona wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki, mpaka 1945 alipopona mama mmoja wa miaka 67?

Wengi walifika hali mbaya sana. Halafu kuna suala la mlango. Kila ukitaka kumsafisha mtu unapasua mshipa mwingine, mwisho mishipa inaisha. Kwa hiyo mashine ilimfaa yule ambaye figo zake zingeamka zenyewe baada ya siku kadhaa. Ambaye zimekufa moja kwa moja, basi tena.

Machi 1960 huko Seattle, Marekani, Dk. Belding Scribner akamwekea Clyde Shields, fundi wa kiwandani, mirija ya teflon mkononi ikabaki hapohapo. (Ndiyo, teflon ileile ya kikaango kisichogandisha.) Shields aliishi miaka 11. Kituo kilipofunguliwa 1962 nafasi zilikuwa chache, kamati ya raia ikawa inaamua nani asafishwe.

Mwaka 1966 Brescia, Cimino na wenzao wa New York wakatangaza fistula: unaunganisha ateri na vena mkononi, mshipa unanenepa, sindano zinachomwa hapo. Kwa wagonjwa wengi mpaka leo ndiyo mlango bora. Mpira wa shingoni unaleta maambukizi kirahisi zaidi. Shida ni kwamba fistula inataka wiki kadhaa ikomae, na watu wetu wengi wanakuja figo zimeshakwisha, hivyo wanaanzia shingoni.

Ila mlango peke yake hautoshi. Baba mmoja wa hapa Tunduma alikuwa anasafishwa Mbeya mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, na njia ni kama kilomita 100 kwenda tu, bado foleni ya malori. Akapunguza mpaka mara moja. Jumatatu moja tukampokea usiku, mapafu yamejaa maji, hawezi kulala chali. "Sista, nauli," ndiyo neno alilomudu kusema. Tukamwekea oksijeni, tukaita gari la wagonjwa.

Fistula yake ilikuwa nzima kabisa. Ukiigusa unasikia inatetemeka.

Sehemu ya 4 nikitoka zamu Alhamisi: maji na chumvi.