Kriketi, rangi na hoja za raia: Uingereza mwaka 1970

Mwanzoni mwa mwaka 1970, uwanja wa Lord's jijini London, unaotambuliwa na wapenzi wa kriketi kuwa makao makuu ya mchezo wao, uliwekewa seng'enge. Waliohofiwa hawakuwa wezi. Walikuwa raia walioapa kwamba timu ya Afrika Kusini, iliyochaguliwa kwa kufuata rangi ya ngozi, haitacheza Uingereza kiangazi cha mwaka huo. Kwa miezi kadhaa Waingereza walibishana makazini, makanisani, katika baa na kwenye kurasa za barua za magazeti: je, michezo inaweza kutenganishwa na siasa?

Mchezaji aliyekataliwa kwao

Chanzo cha mzozo kilikuwa Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town. Sheria za makaburu zilimweka katika kundi la machotara, hivyo hakuruhusiwa kuichezea nchi yake. Mwaka 1960 alihamia Uingereza kwa msaada wa mtangazaji mashuhuri wa kriketi, John Arlott, na kufikia mwaka 1966 alikuwa akiichezea timu ya taifa ya England.

Agosti 1968 alipata mikimbio 158 dhidi ya Australia, lakini siku chache baadaye jina lake likakosekana katika kikosi cha kwenda Afrika Kusini. Wengi waliamini kwamba ameachwa ili kuwaridhisha wenyeji. Mchezaji mmoja alipojitoa kwa kuumia, D'Oliveira akaitwa kuchukua nafasi yake. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, akaikataa timu hiyo, na ziara ikafutwa.

Hata hivyo, wakuu wa kriketi wa Uingereza hawakufuta mwaliko wao kwa Afrika Kusini kuja mwaka 1970.

Kijana mzaliwa wa Nairobi

Mwezi Septemba 1969 iliundwa kamati ya kuzuia ziara hiyo. Kiongozi wake alikuwa Peter Hain, kijana wa miaka 19 aliyezaliwa Nairobi na kukulia Afrika Kusini. Wazazi wake walipigwa marufuku kushiriki siasa nchini humo, na mwaka 1966 familia ikahamia Uingereza.

Mtihani wa kwanza ulikuwa ziara ya timu ya raga ya Afrika Kusini, iliyoanza Novemba 1969. Kila ilikocheza ilikuta waandamanaji, na baadhi yao waliingia uwanjani kuvuruga mchezo. Mjini Swansea mapambano yalikuwa makali na watu wakajeruhiwa. Lakini kiwanja cha raga kililindwa kwa dakika 80 tu. Mechi ya kriketi huchukua siku kadhaa, na nyasi zake zikiharibiwa usiku mmoja hakuna mchezo tena.

Hoja za pande mbili

Itakuwa kosa kudhani kwamba wote walioitetea ziara walikuwa wabaguzi. Walisema mwaliko haukuvunja sheria yoyote, na kwamba raia mtulivu ana haki ya kutazama mchezo alioulipia. Waliuliza pia kwa nini wanamichezo wa Urusi wapokewe, hali majeshi yao yaliivamia Czechoslovakia mwaka 1968, na kwa nini wachezaji waadhibiwe wakati wafanyabiashara waliendelea kuuza na kununua Afrika Kusini.

Wapinzani walijibu kwamba siasa iliingizwa mchezoni na yule aliyemzuia mtu kucheza kwa sababu ya rangi yake. Nao pia hawakuwa na sauti moja. Askofu David Sheppard, aliyewahi kuwa nahodha wa England, aliongoza kampeni iliyotaka ziara ifutwe kwa njia za ushawishi na maandamano ya amani. Arlott alitangaza kwamba hataitangaza ziara hiyo. Wafuasi wa Hain waliona kwamba bila kuuzuia mchezo wenyewe, hakuna atakayesikia.

Afrika yaingia kati

Jambo hili halikuwa la Waingereza peke yao. Juni 1959, Julius Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU, alihutubia mkutano jijini London ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Kampeni hiyo ndiyo iliyozaa vuguvugu la Uingereza la kupinga ubaguzi wa rangi. Miaka 11 baadaye, nchi za Kiafrika zilitishia kususia Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyopangwa kufanyika Edinburgh, Julai 1970.

Uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia. Suala hilo lilijadiliwa Bungeni tarehe 14 Mei, na tarehe 21 Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, akaliomba Baraza la Kriketi lifute mwaliko. Kesho yake ziara ikafutwa. Michezo ya Edinburgh ikaendelea, na Kipchoge Keino wa Kenya akashinda mbio za mita 1500.

Mabishano hayakuisha

Badala ya Afrika Kusini, England ilicheza na kikosi cha dunia chini ya unahodha wa Garfield Sobers wa Barbados. Ndani yake wazungu wa Afrika Kusini, kama Graeme Pollock na Barry Richards, walicheza bega kwa bega na weusi wa Karibi na Waasia, jambo wasiloruhusiwa nyumbani kwao.

Walioshindwa hawakunyamaza. Waliona kwamba serikali imesalimu amri mbele ya vitisho. Mwaka 1972 raia mmoja alimshtaki Hain kwa njama za kuvuruga michezo, na mahakama ikamtoza faini ya pauni 200. Baadaye Hain aliingia Bungeni na kuwa waziri.

Afrika Kusini ilirejea katika mechi za kimataifa za siku tano mwaka 1992, huko Barbados. D'Oliveira alifariki dunia mwaka 2011. Tangu msimu wa 2004 na 2005, England na Afrika Kusini zimekuwa zikishindania kombe lenye jina lake, yeye ambaye nchi yake ya kuzaliwa haikumpa hata siku moja jezi ya taifa.