Vipimo Sita Mbele ya Rubani

Barabara inayotoka hapa Mwembe Tayari, Mombasa, huvuka Makupa, hupita Changamwe na kufika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Njia kuu ya kurukia ndege huko imeandikwa 03 ncha moja na 21 ncha ya pili. Hizo ni nyuzi 30 na 210 za dira, sifuri ya mwisho ikiachwa. Rubani anayetua kwa 03 sharti dira yake isome karibu na 30.

Vipimo vya msingi mbele ya rubani ni sita: mwendo, mkao wa ndege, kimo, mgeuko, uelekeo, na kasi ya kupanda au kushuka. Kipimo cha kimo kinastahili kutazamwa zaidi, maana hakioni ardhi kamwe. Hupima mgandamizo wa hewa, nao hubadilika mchana kutwa. Kwa hiyo waongozaji ndege humtajia rubani mgandamizo wa wakati ule, naye hukitega upya. Kikitegwa sawasawa, kipimo cha ndege iliyosimama uwanjani Moi husoma futi 200 hivi juu ya usawa wa bahari.

Gizani au mawinguni mwili hudanganya: ndege ikilala ubavu polepole, abiria na rubani wote huhisi imenyooka. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka usiku karibu na Douala, Kameruni, na watu wote 114 waliokuwemo wakafariki. Uchunguzi ulieleza kwamba marubani walipotewa na mwelekeo huku ndege ikiinamia kulia.

Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa urubani hufunzwa pia akiwa amevishwa kofia inayomzuia asione nje, abaki na vipimo peke yake.