Neno la leo: Kutimia

Kitenzi timia hueleza jambo kufikia ukamilifu: mwezi hutimia, akidi hutimia. Katika Biblia za Kiswahili ndicho kinachounganisha maneno ya manabii na maisha ya Yesu, hasa katika Mathayo, anayekirudia mno.

Kukitafsiri kuwa "kutokea kama ilivyotabiriwa" ni kukipunja. Hiyo ni kazi ya ramli. Mchimbaji mdogo wa Geita au Shinyanga akienda kwa mganga kabla ya kuchimba duara, yaani shimo la mgodi, kuku hupasuliwa, matumbo yakasomwa, na jibu linalotakiwa ni moja tu: dhahabu ipo au haipo.

Mika 5:2, inayotaja Bethlehemu, yaweza kusomwa hivyo. Hosea 11:1 haiwezi. Hapo nabii hatabiri kitu. Anakumbuka Israeli ilivyotolewa Misri zamani. Hata hivyo Mathayo 2:15 husema neno hilo limetimia kwa Yesu, aliyekimbiziwa Misri utotoni na kukaa huko hadi Herode alipokufa. Kigiriki chake, plēroō, ni kujaza: safari ya taifa inajazwa maana mpya katika mtu mmoja. Wayahudi, katika aya hiyo ya Hosea, huliona taifa lao tu.