Kutoka Schaerbeek hadi mfupa wa mwezi mchanga

Katika kifundo cha mkono wa binadamu mna mifupa midogo minane, na mmoja wao, ulio katikati, una umbo la mwezi mchanga. Damu huufikia kwa mishipa michache, tena myembamba. Damu hiyo ikikatika, mfupa hufa polepole na kubonyea, na mwenye mkono huo, mara nyingi kijana anayeishi kwa nyundo au jembe, hushindwa kushika chombo chake cha kazi.

Ugonjwa huo ulielezwa kwa picha za eksirei mwaka 1910 na Robert Kienböck wa mjini Vienna. Tiba yake, hata hivyo, inadaiwa sehemu kubwa na Ubelgiji, na hasa hospitali ya Schaerbeek, kando ya Brussels.

Huko ndiko Albin Lambotte, aliyezaliwa mwaka 1866, alikojifunza upasuaji chini ya kaka yake Elie. Baadaye alihamia Antwerp, akathubutu jambo lililowatisha madaktari wengi: kuupasua mwili na kuunga mfupa uliovunjika kwa mabamba na skrubu za chuma. Dawa za kuua bakteria hazikuwako bado. Usaha ungeweza kumgharimu mgonjwa mkono wake au uhai wake. Mwaka 1907 aliipa njia hiyo jina la osteosinthesi. Vifaa vingi alivibuni mwenyewe, na si ajabu, kwani alikuwa pia fundi wa kuunda fidla.

Mbelgiji mwingine, Robert Danis wa Brussels, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1949 kwamba vipande vya mfupa vikibanwa barabara huunga vyema zaidi. Mwaka uliofuata alitembelewa na Maurice Müller wa Uswisi, ambaye mwaka 1958 alishirikiana na wenzake kuanzisha chama cha AO kilichoieneza elimu hiyo duniani.

Sasa turejee kwenye kifundo. Mwaka 1928 Hultén wa Sweden alibaini kuwa asilimia 78 ya wagonjwa wake walikuwa na mfupa wa kigasha upande wa kidole cha mwisho ulio mfupi kuliko mwenzake. Kwa watu wenye afya ilikuwa asilimia 23 tu. Mzigo wa mkono basi huulemea mfupa wa mwezi mchanga. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, daktari huukata ule mfupa mrefu, ulio mzima kabisa, akaupunguza milimita mbili au tatu, kisha akauunga kwa bamba na skrubu. Wapasuaji wengine hupandikiza kipande cha mfupa pamoja na mshipa wake wa damu.

Lakini haya yote yanataka mgonjwa awahi. Mfupa ukishabomoka, huondolewa pamoja na jirani zake wawili, au mifupa ya kifundo huunganishwa isicheze tena. Maumivu hupungua, ila mkono haukunjiki kama zamani.