Mchezaji Si Bidhaa: Historia Fupi ya Uhuru wa Wachezaji wa Besiboli

Mhariri wa jarida letu alipotuandikia sisi tuliopitia shule hii, akitutaka tuchangie makala ya historia, nadhani alitazamia niandike juu ya Vita vya Majimaji au misafara ya Wanyamwezi. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa vizuri na watu wanaoyajua kunishinda. Mimi nimeonelea nieleze habari za mchezo ambao hapa shuleni hatukuwahi kuucheza, yaani besiboli ya Marekani. Nawaomba wasomaji, wakubwa kwa wadogo, wanivumilie. Habari hii si ya mchezo peke yake, bali inahusu kazi, mkataba na heshima ya mtu.

Kila mwaka besiboli husimama wakati wa baridi. Hapo ndipo mashabiki nao huanza mchezo wao, ambao ni ubishi. Timu yetu ibadilishane nani kwa nani? Yule ambaye mkataba wake umekwisha asajiliwe kwa fedha ngapi? Je, wakala wake anasema kweli au anapandisha bei tu? Wamarekani huuita ubishi huo ligi ya jiko, kwa sababu zamani watu walikusanyika madukani kulizunguka jiko la kuni, wakiota moto na kubishana. Msomaji aliyewahi kukaa kijiweni wakati wa usajili wa Simba na Yanga hana haja ya kuelezwa zaidi.

Desemba 2023 mashabiki hao walibishana juu ya Mjapani Shohei Ohtani, aliyesaini na Los Angeles Dodgers mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700, ambazo milioni 680 kati yake zitalipwa baada ya mkataba kwisha. Desemba 2024 ikawa zamu ya Juan Soto, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, aliyesaini na New York Mets miaka 15 kwa dola milioni 765. Wako waliosema huo ni wazimu. Wako waliomtupia lawama Scott Boras, wakala wa Soto. Lakini katika kelele zote hizo ni wachache wanaouliza swali ambalo mwalimu wetu yeyote wa historia angeliuliza kwanza: tangu lini mchezaji akawa na haki ya kuchagua aendako?

Haki hiyo ilipatikana mwaka 1975. Ligi ya kulipwa iitwayo National League ilianzishwa mwaka 1876. Kwa hiyo kwa karibu miaka 100 mchezaji hakuwa na haki hiyo kabisa.

Mambo yalianza hivi. Mwaka 1879 wenye timu walipatana kwamba kila timu itaje wachezaji 5 ambao timu nyingine hazitaruhusiwa kuwaajiri. Shabaha yao ilikuwa kuzuia mishahara isipande. Baadaye mpango huo ulienea kwa wachezaji wote, ukaingizwa ndani ya mkataba. Kifungu chenyewe kilieleza kwamba mchezaji na timu wasipoelewana juu ya mkataba mpya, timu inaweza kuurefusha ule wa zamani kwa mwaka mmoja kwa masharti yale yale. Wenye timu wakadai kwamba mkataba uliorefushwa una kifungu kile kile ndani yake, basi unaweza kurefushwa tena, na tena, hadi mchezaji azeeke. Kijana aliyesaini akiwa na miaka 18 alikuwa amesaini maisha yake yote ya mpira.

Kadhalika aliweza kuuzwa bila kuulizwa. Mwishoni mwa 1919 mwenye timu ya Boston Red Sox alimwuza Babe Ruth kwa New York Yankees kwa dola 100,000. Boston hawakuupata ubingwa tena hadi mwaka 2004, na mashabiki wao waliililia biashara ile kwa vizazi vitatu. Wenye timu walilindwa na mahakama pia. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba besiboli haihusiki na sheria ya mwaka 1890 ya kupinga ukiritimba, kwa kuwa si biashara baina ya majimbo. Mwaka 1953 ikakariri uamuzi huo, ikasema kama kuna kosa basi Bunge ndilo lirekebishe.

Sasa nifike kwa mtu aliyenifanya nishike kalamu. Curt Flood alizaliwa Houston mwaka 1938, akakulia Oakland. Kijana huyu mweusi alianza kucheza katika miji ya Kusini, ambako hakuruhusiwa kula pamoja na wenzake weupe wa timu moja. Alivumilia, akafika St. Louis Cardinals, akawa mmoja wa walinzi hodari wa uwanja wa nyuma, akashinda ubingwa mwaka 1964 na 1967. Oktoba 1969 akaarifiwa kwamba yeye na wenzake kadhaa wamebadilishwa na wachezaji wa Philadelphia. Alikuwa ameichezea St. Louis miaka 12, na hakuna aliyemwuliza neno.

Tarehe 24 Desemba 1969 Flood alimwandikia barua Bowie Kuhn, kamishna wa besiboli, akisema kwamba yeye si kipande cha mali cha kununuliwa na kuuzwa, naye anataka kusikiliza timu nyingine. Kuhn alikataa. Januari 1970 Flood akafungua kesi.

Mshahara wake mwaka 1969 ulikuwa dola 90,000, fedha nyingi kwa siku zile. Alipoulizwa katika televisheni mtu wa mshahara huo analalamika nini, alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri ni mtumwa vile vile. Sisi tuliosoma habari za Bagamoyo na Zanzibar tunajua kwamba neno utumwa si la kutumia ovyo. Flood hakufungwa minyororo, na aliweza kuacha mpira akatafute kazi nyingine. Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki: je, malipo mazuri yanampa mwajiri ruhusa ya kumhamisha mtu kama kreti la soda? Nadhani alikuwa na haki ya kuliuliza, naye mjukuu wa waliowahi kuuzwa alikuwa na sababu ya kulichagua neno hilo.

Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji tangu 1966, ambaye kabla ya hapo alikuwa mchumi wa chama cha wafanyakazi wa chuma, alimwonya Flood kwamba huenda akashindwa na kuupoteza mchezo wake. Flood akaendelea. Kesi ilisikilizwa New York mwaka 1970. Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa rangi katika besiboli mwaka 1947, alikuja kutoa ushahidi. Lakini miongoni mwa wachezaji waliokuwa bado uwanjani hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa naye mahakamani. Walikuwa na wake na watoto, na wenye timu walikuwa wakitazama.

Tarehe 19 Juni 1972 Mahakama ya Juu ilimshinda kwa kura 5 dhidi ya 3. Majaji walikiri kwamba sheria hii ya besiboli ni kioja, lakini wakamrudisha kwa Bunge. Flood alikuwa amejaribu kurudi uwanjani mwaka 1971, akacheza michezo 13 tu, akaacha.

Hata hivyo mlango ulikuwa umekwisha kutikiswa. Chama cha wachezaji kilikuwa kimepata jambo moja katika majadiliano yake na wenye timu, nalo ni haki ya kupeleka mgogoro mbele ya msuluhishi asiye na upande. Mwaka 1975 Andy Messersmith na Dave McNally walicheza bila kusaini. Msimu ulipokwisha wakasema: mwaka wenyewe ndio huo, sasa tu huru. Msuluhishi Peter Seitz alikisoma kifungu. Tarehe 23 Desemba 1975 akaamua kwamba mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja. Wenye timu wakamfukuza kazi siku hiyo hiyo na kukimbilia mahakamani, wakashindwa.

Mimi ofisini kazi yangu ni mafaili na mikataba, na kila niikumbukapo hukumu hii hustaajabu. Kifungu hakikubadilishwa hata nukta. Kilikuwepo miaka yote, na maelfu ya wachezaji walikisaini. Kilichobadilika ni kwamba alipatikana mtu wa kukisoma kwa niaba ya pande zote mbili.

Liko jambo moja hapa ambalo mashabiki wengi hawalijui. Baada ya hukumu, Charlie Finley, mwenye timu ya Oakland, alishauri wachezaji wote waachwe huru kila mwaka. Wenye timu wenzake walimpuuza. Miller ndiye aliyeshtuka, maana alijua kwamba bidhaa ikijaa sokoni bei huanguka. Katika makubaliano ya 1976 mchezaji akapewa uhuru baada ya kutumikia miaka 6, na hivyo wachache tu huingia sokoni kila msimu. Wastani wa mshahara mwaka 1976 ulikuwa kama dola 51,000. Kufikia 1992 ulikuwa umepita milioni 1.

Wenye timu walikuwa wametabiri kwamba uhuru utaua mchezo, na matajiri watachukua ubingwa daima. Haikuwa hivyo. Tangu 1978 hadi 1987, ubingwa wa miaka 10 ulichukuliwa na timu 10 mbalimbali. Mwaka 2000 Texas walimsaini Alex Rodriguez kwa dola milioni 252, wakashika mkia katika kundi lao miaka mitatu mfululizo. Fedha haichezi.

Na mawakala je? Naungana na wanaosema kwamba wako wenye tamaa. Lakini tukumbuke kilichotokea kati ya 1985 na 1987, wenye timu waliponong'onezana wasinunuane wachezaji. Andre Dawson na wakala wake Dick Moss walipeleka kwa Chicago Cubs mkataba uliokwisha kusainiwa, nafasi ya mshahara ikiwa tupu. Cubs wakajaza dola 500,000, na mwaka ule wa 1987 Dawson akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Njama ilipothibitika, wenye timu walikubali mwaka 1990 kulipa dola milioni 280. Mchezaji asiye na mtu wa kumsemea angejuaje kwamba bei yake imefichwa?

Flood alikufa Januari 1997 akiwa na miaka 59. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina lake, iliyowapa wachezaji wa ligi kuu kinga aliyonyimwa yeye. Katika mpira wetu wa miguu, Mbelgiji Jean-Marc Bosman alishinda kesi kama hiyo Desemba 1995 katika Mahakama ya Ulaya, naye pia mavuno makubwa yaliwaendea wengine.

Basi wadogo zangu mlioko madarasani, bishaneni juu ya usajili kadiri mpendavyo, maana hata sisi tulibishana bwenini mpaka taa zikazimwa. Ila mtakapopewa karatasi ya kusaini, iwe ya mpira, ya ualimu au ya kampuni, isomeni yote kabla ya kushika kalamu, na msipoielewa mwulizeni anayeielewa. Na siku mwenzenu atakaposimama peke yake kudai haki ya wote, walau mmoja wenu aende akae naye.