Mguu Zizini: Tarehe ya Buti za Mpira Ufukweni mwa Nyasa

Lituhi imekaa mahali ambapo mto Ruhuhu humaliza safari yake na kujimwaga katika Ziwa Nyasa, na kwa kuwa ardhi ya mdomoni mwa mto ni mchanga na tope lililoletwa na maji ya milimani, mtu atokaye nyumbani alfajiri kwenda zizini wakati wa mvua, tangu Desemba hata Aprili, hana hiari ila kukanyaga maji, matope na samadi kwa hatua moja. Msafiri ajaye kutazama ziwa na safu ya milima ya Livingstone iliyo kaskazini hulipita jambo hili bila ya kulitambua, lakini mwenye kukamua na kuzoa samadi hulijua kwa nyayo zake. Na kwa ajili yake nimeona vema kuandika tarehe ya kiatu cha zizini, kiatu kisichosifiwa barazani ingawa kimeokoa miguu mingi.

Zamani wazee wetu waliingia zizini miguu mitupu, wala haikuwa aibu wala ujinga, maana wayo uliokanyaga ardhi tangu utotoni hufanya sugu imara, na tope likikauka hupukutishwa kwa mkono, kazi ikaendelea. Makubadhi ya ngozi yaliyovaliwa katika miji ya Pwani hayakufaa kwa kazi hii, kwa sababu ngozi iliyolowa mkojo wa ng'ombe hulainika na kunuka, kisha ikikauka hukakamaa na kupasuka. Kilichoivunja amani ya miguu mitupu ni mgeni mdogo kuliko punje ya mtama, naye ni funza. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 alishuka Angola kwa meli iliyotoka Brazil, akavuka bara katika miguu ya wapagazi na askari, na kabla karne ya 19 haijakwisha alikuwa amefika mwambao wa Bahari ya Hindi. Vumbi la zizi na la banda la nguruwe ndilo kao alipendalo, na katika vita vya 1914 hata 1918 wapagazi na askari wengi waliozunguka nchi hii walipoteza vidole kwa sababu yake. Pamoja na funza ipo safura, ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya wayo katika udongo mbichi. Kwa hiyo sikubaliani hata kidogo na wasemao kwamba Mwafrika alivaa kiatu ili aige ustaarabu wa wageni. Mtu wa zizini alitafuta kiatu kwa sababu ardhi aliyoiamini tangu kuzaliwa ilikuwa imegeuka adui.

Jibu la kwanza alilipata katika gurudumu. Malori yalipozidi barabarani, matairi yaliyochakaa yakawa mengi, na mafundi wakayakata wakapata makatambuga, ambayo kwa kudumu hayana mfano: tairi limefumwa ndani kwa nyuzi ngumu, basi soli yake haivunjiki, haiozi, wala haijali mwiba. Walakini katambuga ni wazi juu, na samadi iliyochanganyika na maji ya mvua huingia ubavuni na kukaa baina ya vidole, ikafanya ukungu na vidonda. Lilikuwa kinga ya mwiba, si kinga ya majimaji.

Kinga ya majimaji ilikuwa buti ya mpira, ambayo wengi huiita gambuti, na hapa yafaa kukumbuka kwamba mpira si mgeni wa nchi ya kusini. Kabla mashamba ya Asia hayajaenea, misitu ya nyuma ya Kilwa, katika Donde na Liwale, ilikuwa na mitambaazi ya mpira iliyo ya ukoo mmoja na mibungo ambayo matunda yake twayafyonza. Wenyeji waliichanja, utomvu ukagandishwa na kuviringwa madonge, na madonge yakachukuliwa vichwani hata Kilwa, yakapakiwa vyomboni kwenda ng'ambo. Mpira mbichi una tabia mbaya: jua huulainisha ukanata, na baridi huufanya mgumu kama mti, hata viatu vya mpira vilivyouzwa Marekani katika miaka ya 1830 viliyeyuka wakati wa joto. Mwaka 1839 Charles Goodyear akatambua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto huacha tabia hiyo, akapata hati ya haki yake mwaka 1844. Mwaka 1853 Hiram Hutchinson akaanza kutengeneza viatu kwa njia hiyo huko Ufaransa, na mwaka 1856 kiwanda kikafunguliwa Edinburgh, ambacho katika Vita Kuu ya Kwanza kilitengeneza buti zaidi ya jozi milioni 1 kwa askari waliosimama katika mahandaki yaliyojaa maji. Wajerumani nao walipanda miti ya mpira katika nchi hii, lakini bei ilianguka mwaka 1913 kwa wingi wa mpira wa Asia, na mashamba yakaachwa magugu mpaka Malaya ilipotekwa na Wajapani mwaka 1942, ndipo Waingereza wakayarudia kwa haraka na kuwapeleka watu humo kwa lazima. Utomvu wa msitu wetu ulikwenda ng'ambo kwa uzito wa ratili, ukarudi kwetu katika umbo la kiatu tusichokuwa na uwezo wa kukinunua.

Uwezo ulikuja taratibu, na haja ikaja pamoja na ng'ombe wa maziwa anayefugwa ndani, aliyegawanywa kwa wakulima wa nchi hii kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Ng'ombe wa machungani hutawanya samadi yake porini. Huyu wa bandani husimama siku nzima mahali pamoja, mkojo wake hukusanyika, nao umtiao mtu kichefuchefu kwa harufu yake kali hukiharibu kiatu polepole.

Mimi nilinunua jozi yangu ya kwanza dukani Mbinga, nyeusi, inayong'aa, na kabla masika ya pili hayajakwisha ilikuwa imepasuka mbele ya kifundo, mahali pale mguu unapokunjika kila hatua. Nilimlaumu mwuzaji, kisha nikajifunza. Mpira uliovutwa katika mkunjo ndio unaoliwa na jua na hewa kwanza, na mimi nilikuwa naianika buti juani, nikidhani nafanya usafi. Unga mweupe unaotoka juu ya mpira mwema si ukungu, bali mara nyingi ni nta iliyotiwa kuulinda, nami niliusugua kwa bidii. Mafuta ya taa na mafuta ya mashine huvimbisha mpira. Buti za plastiki, ambazo ni rahisi zaidi, hupoteza ulaini wake zikakakamaa na kukatika kama ganda.

Lakini ila kubwa zaidi ni mshono. Mitumbwi ya Nyasa imechongwa katika gogo moja, nayo haivuji kwa sababu haina mahali pa kuunganishwa. Mtumbwi wa mbao huanza kuvuja pale mbao zinapokutana. Buti ndivyo ilivyo. Ile ambayo soli imegandishwa kwa gundi huachana ubavuni, maji ya samadi yakajipenyeza, na mvaaji hujua kwa ubaridi wa kidole gumba. Ile iliyomiminwa kwa kalibu moja huvumilia. Nanunua hiyo, nikikunja shingo yake kwa mikono miwili kwanza.

Fundi wa viatu sokoni hutia kiraka cha mpira wa baiskeli kwa solusheni katika buti ya mpira, lakini ya plastiki huikataa solusheni, basi fundi hupasha kisu moto na kuiunga kwa kuiyeyusha. Jozi yangu ile ilivumilia viraka vitatu. Nilipoikata mwishowe, shingo zake nilizipigilia misumari zikawa bawaba za mlango wa banda, na mlango huo bado hufunguka bila kulia.